Nani Ananyonya Betri Usiku?

Gari likiachwa Isiolo siku nne, mwenyewe yuko Merti, halafu likakataa kuwaka, wengi hukimbilia kununua betri mpya. Joto ndilo hulaumiwa, na ni kweli hufupisha maisha ya betri, lakini haliimalizi betri nzima kwa siku nne. Kama kuna kifaa kinachokula umeme gari likiwa limezimwa, kitaila hata hiyo mpya.

Pima volti kwanza. Betri iliyojaa na kutulia saa kadhaa husoma takriban 12.6. Injini ikiwa inanguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini zaidi, chunguza alteneta kwanza.

Sasa zima kila kitu na utoe ufunguo. Acha mlango wazi, ila sukuma komeo lake kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Weka mita kwenye ampea 10, hamishia waya wake mwekundu kwenye tundu la 10A, fungua waya hasi wa betri, kisha unganisha mita kati ya waya huo na betri. Usiguse swichi ya kuwashia: fyuzi ya mita itaungua. Halafu subiri nusu saa, maana kompyuta za gari huchelewa kulala. Fundi mwenye haraka husoma mapema na kulaumu kisicho na hatia.

Chini ya miliampea 50 si neno. Nusu ampea ni ampea-saa 12 kila siku. Betri ya 60, siku ya nne, haina nguvu ya kuzungusha stata.

Chomoa fyuzi moja moja, za kwenye dashibodi na za chini ya boneti. Mita ikishuka ghafla, umepata njia ya umeme unaoliwa. Taa ya buti ya wati 5 pekee hula karibu ampea 0.4, nawe huioni. Redio na alamu zilizofungwa baadaye ndizo ninazozishuku zaidi, kwa kuwa waya zake mara nyingi huungwa betri moja kwa moja bila kupitia fyuzi za gari.

Fyuzi zote zikitoka na umeme bado unapita, huenda dayodi ya alteneta imevuja. Tenganisha betri, fungua waya mnene wa alteneta, uufunge kwa tepu, kisha pima tena.

Ukikuta ni kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa na aliyekukopesha, usikikate. Mwite aje akibadilishe.