SOMO: KAZI YA MELI YA MOSHI

Ndugu Wanachama,

Wazee wetu wengi waliijua "Karanja", ijapokuwa si wote walioipanda. Leo tuitazame ilivyofanya kazi, maana mwenye mali ya kusafirishwa hana budi kujua safari ya mali yake.

"Kampala" iliundwa mwaka 1947 na mwenziwe "Karanja" mwaka 1948, zote huko Glasgow, kwa ajili ya kampuni ya British India. Kila moja ilizidi tani 10,000. Zilitoka Bombay, mji uitwao Mumbai siku hizi, zikapita bandari za mwambao wetu hata Durban, kisha zikarudi.

Nguvu yake. Mafuta mazito yalichomwa, na maji matamu yakachemka ndani ya boila hata yakawa mvuke mkali. Mvuke ulipiga mapanga ya gurudumu liitwalo tabini, nalo likazungusha rafadha mbili zilizoisukuma meli. Mvuke uliokwisha kazi haukumwagwa; ulipozwa, ukawa maji, ukarudishwa boilani. Maji ya bahari hayakutiwa humo, kwani chumvi hugandamana kama ukoga wa birika, na boila huharibika.

Gharama yake. Meli hula hata ikiwa imelala. Bandarini moto haukuzimwa wote, mabaharia walilipwa, na abiria walingoja. Kwa hiyo nahodha alifuata ratiba. Shehena isiyokuwa tayari iliachwa.

Mwisho wake. Mwaka 1972 "Karanja" ilichukua kutoka Mombasa Wahindi waliofukuzwa Uganda. Lakini abiria wengi walikwisha hamia kwenye ndege, na mafuta yalipanda bei sana tangu 1973. Mwaka 1976 iliuzwa India, ikapewa jina "Nancowry", na baadaye ikavunjwa.

Mafunzo kwetu ni mawili. Kwanza, chombo hakimngoji mtu: magunia yawe yamepimwa na kushonwa mapema. Pili, ndani ya falka hamna jua wala upepo wa uwanja wetu wa kuanikia. Karafuu isiyokauka hutoa jasho humo, huota ukungu, na kuambukiza gunia la jirani. Uvivu wa siku moja ya kuanika huweza kuharibu jina la kisiwa kizima.

Jaribuni kujibu na watoto nyumbani: kwa nini maji ya bahari hayatiwi boilani?

Katibu wenu.