ZIBA UFA, LAKINI JIKO LITOKE NJE

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba nyufa zote za nyumba yetu, na nusura tuangamie. Hebu niwaeleze, ili mpate faida bila hasara niliyoiona mimi.

Likizo ya Aprili nilimtembelea mjomba wangu kazini. Yeye ni fundi wa mitambo ya kupoza hewa katika jumba moja refu katikati ya jiji. Juu ya silingi alinionyesha mabomba ya bati, mapana kama kabati, yanayopeleka hewa baridi katika maofisi.

"Kijana," akaniambia, "hewa hii tumeipoza kwa stima, na stima ni pesa. Ikivuja njiani, tunapoza silingi badala ya watu."

Akawasha kijiti cha udi na kukipitisha polepole kwenye maungio ya mabomba. Moshi ukiyumba, hapo pana mwanya. Yeye huziba kwa gundi nzito ya kupaka kwa brashi, au kwa utepe wa alumini. Utepe wa kitambaa haufai. Mwaka wa 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani walijaribu aina nyingi za vizibo, na ule wa kitambaa ndio ulioshindwa vibaya.

Basi nikarudi nyumbani kama profesa! Sisi hukaa Kawangware, katika nyumba ya mabati. Nairobi iko karibu na ikweta, lakini imeinuka mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa hivyo baridi ya Julai si mchezo. Mama hununua makaa ya kupikia na ya kuota moto, na pesa zenyewe ni za kuhesabu.

Nilipima nafasi iliyo chini ya mlango. Upana sentimita 80, kimo sentimita 2: jumla sentimita mraba 160. Ni sawa na kutoboa ukutani tundu la sentimita 16 kwa 10! Tena hewa moto hupanda na kutokea kati ya ukuta na paa, na inapotoka huivuta ya baridi iingie kwa chini. Kumbe makaa yetu yalikuwa yakipasha joto mtaa mzima.

Nikaziba. Chini ya mlango niliweka gunia lililokunjwa, kwenye matundu ya misumari vitambaa, na juu ya ukuta nikajaza makaratasi. Jioni mama akaingiza jiko, akafunga mlango, akanisifu. Nyumba ilikuwa na joto tamu ajabu.

Usiku nikaamka kichwa kikiniuma. Dada yangu mdogo alikuwa anatapika. Mama alisimama, magoti yakamlegea, akajikokota mpaka mlangoni na kuusukuma. Tulitoka nje tukitambaa. Tulipona, lakini mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Makaa yanapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hukamata damu mahali pa oksijeni. Makaa yakiwa mekundu bila moshi hata kidogo, bado yanaitoa.

Mjomba aliposikia alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Kosa ni langu, sikukwambia. Hata kule ofisini kuna tundu la kuingiza hewa safi. Lile hatulizibi kamwe."

Kwa hivyo, wenzangu, somo langu ni hili:

1. Jiko la makaa likae nje. Usilale nalo ndani hata kama hujaziba kitu.
2. Ziba chini ya mlango na matundu yanayokupigia upepo kitandani.
3. Acha tundu la juu wazi. Hilo ndilo pua ya nyumba.
4. Ukiumwa na kichwa karibu na jiko, usingoje. Fungua mlango, utoke na wenzako, kisha mwende hospitali.

Siku hizi gunia liko palepale chini ya mlango, makaratasi ya juu nimeyatoa, na jiko hubaki nje. Tunajifunika blanketi mbili. Makaa ya kuota hatununui tena.

Ufa ni wa kuzibwa, lakini pua haizibwi. Naweka kalamu chini.