SOMO: GURUDUMU LA AKIBA KATIKA GARI LA HAIBRIDI



Somo hili ni la madereva wetu na la kila mfanyakazi anayebebwa na gari la kazi.

Mwenzetu mmoja alikuwa akipeleka wafanyakazi Rumonge kwa Barabara ya Taifa namba 3. Alipofika Ruziba tairi la nyuma likachanika ubavuni. Alifungua buti, akainua zulia: gurudumu la akiba hakuna, ila chupa ya dawa na pampu ndogo. Alitia dawa, yote ikamwagika chini. Watu walikaa kando ya barabara mpaka jioni, na mwisho wa mwezi dereva akakatwa mshahara. Je, kosa lilikuwa lake?

Kwanza tulijue gari lenyewe. Gari la haibridi lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Toyota Prius, la kwanza kutengenezwa kwa wingi, lilianza kuuzwa Japani Desemba 1997. Betri kubwa ya mota mara nyingi hukaa upande wa nyuma. Ili kupata nafasi, na kupunguza uzito, watengenezaji wengi huondoa gurudumu la akiba na kuweka chupa ya dawa.

Dawa hiyo huziba tundu dogo la msumari pale tairi linapokanyaga barabara. Haizibi ubavu uliochanika. Tena ina tarehe ya mwisho, ikipita, usiitegemee.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Kabla ya kupokea gari, fungua buti. Kagua gurudumu la akiba, upepo wake, jeki na spana. Kama halipo, andika katika daftari la gari, na msimamizi atie sahihi.

2. Likinunuliwa, liwe la kipimo cha gari hilo na matundu ya nati yalingane. Lifungwe imara, maana breki ikikazwa ghafula litawapiga abiria. Wala lisizibe tundu la hewa inayopoza betri. Katika magari mengi liko karibu na kiti cha nyuma.

3. Ukifunga gurudumu jembamba la muda, usizidi kilomita 80 kwa saa, na upesi urudishe la kawaida.

4. Kabla ya kupiga jeki, zima gari kabisa. Haibridi huweza kuwa kimya na kumbe bado imewashwa. Jeki ikae mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, mbali na nyaya za rangi ya chungwa, maana zina umeme mkali.

Nani alipe? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21 wasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Juni 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi. Kwetu sisi, gurudumu la akiba ni chombo cha usalama kama glavu za kiwandani. Ni juu ya mwajiri kulinunua. Kosa la Ruziba halikuwa la dereva. Lakini hapakuwa na maandishi ya kumtetea.

Maswali ya kujadili:

Gari linalotubeba lina gurudumu la akiba? Daftari lake liko wapi? Nani kati yetu atalikagua kesho asubuhi, kabla hatujapanda?