Jike Anayegeuka Dume
Katika mtihani niliandika kwamba mnyama azaliwaye jike hufa jike. Mwalimu alinitilia alama ya kosa, nami nikanuna. Sasa nakiri.

Katika Bahari ya Karibi yuko samaki mdogo wa miambani, Thalassoma bifasciatum. Dume mkubwa akiondoka, jike aliye mkubwa kuliko wenzake huanza kufukuza wengine siku ile ile; baada ya siku kama 10, ovari zake zimekuwa korodani.

Homoni hushika vipokezi vya seli kama ufunguo ushikavyo kufuli. Lakini mwaka 1996 wataalamu walionyesha kwamba hata jike aliyetolewa ovari hushika tabia ya dume. Basi tabia huanzia ubongoni, haingoji korodani.

Mwalimu, ahsante kwa wino mwekundu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne