Darsa la Ramadhani, Siku ya 17: Uso tunaompokelea mwenye haja



Ndugu zangu Waislamu, jana tuliongelea ulimi wa aliyefunga. Leo tuongelee uso, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache nyuma nilikaa kwenye meza ya kuandikisha watu wa futari: unga, mchele, sukari, mafuta na tende. Akaja kijana ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la teja. Alikuwa ameshaacha, anakunywa dawa ya methadoni kila siku, lakini hilo mimi sikulijua wala sikuuliza. Waliomtangulia niliwauliza jina, nyumba na idadi ya watu, basi. Yeye nikamtaka kitambulisho. Unaishi na nani? Nani anakujua? Mara ya mwisho umefanya kazi lini? Huku naongea, macho yako kwenye simu. Akaanza kubabaika, mara nyumba hii, mara ile, jasho linamtoka. Moyoni nikasema, haya, si unaona! Nikamwambia arudi kesho. Hakurudi. Baadaye jirani yake akanieleza kwamba alikuja kumwandikisha mama yake, mzee aliyepooza upande mmoja.

Kumdhania vibaya ni kosa, na nimetubia. Lakini kuna kitu kilinikosesha usingizi zaidi: ule ushahidi nilioutegemea, kubabaika na jasho, niliutengeneza mimi.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1974 watafiti watatu, Word, Zanna na Cooper, walichapisha utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Wazungu waliwekwa wawahoji vijana, weusi na weupe, ili wachague mtu wa kuingia kwenye timu. Vijana wale walikuwa wamefundishwa kujibu kwa namna moja. Hakuna aliyetukanwa. Lakini kwa kijana mweusi wahoji walikaa mbali zaidi, maneno yakawakwama kwama, na mahojiano wakayamaliza mapema.

Kisha likaja jaribio la pili. Safari hii waliohojiwa wote walikuwa weupe, na wahoji walifundishwa kuiga mapokezi yale: wengine wapokewe kwa ukaribu, wengine kwa ubaridi aliopewa yule mweusi. Waliopokewa kwa ubaridi walionekana wana wasiwasi na hawafai, na hata viti vyao wakavikalia mbali. Tafadhali irudie hapo. Hawa walikuwa weupe! Rangi yao haikuwa na kosa lolote, kilichowaangusha ni mapokezi.

Sasa tazama dirisha la zahanati. Mgonjwa kapokewa kwa uso wa kukunja, basi anaficha nusu ya maradhi yake. Nesi anaandika kwamba hatoi ushirikiano. Anayeingia zamu ya usiku anaisoma karatasi kabla hajamwona mtu, na yeye anakunja. Dhana imeshaingia kwenye faili, na kila mmoja ataapa kuwa alitenda haki. Darasani ni hivyo hivyo, nasema kama mwalimu. Ofisi ya kata pia, na sisi wa kamati ya zaka.

Mnakikumbuka kisa cha Suratu Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) wakati anazungumza na wakubwa wa Makureshi akitaraji waongoke. Mtume akakunja uso. Yule hakuweza hata kuuona, na bado aya zikashuka. Tena Mtume hakuwa na dharau, alikuwa na hamu ya kuwaongoa watu. Mimi na simu yangu nilikuwa na udhuru gani?

Najua mtaniambia, sheikh, matapeli wapo. Wapo, na wengine kanzu zao zimepigwa pasi. Sijasema meza isiulize. Nasema anayeulizwa kitambulisho asiwe yule tu ambaye uso wake haujatupendeza.

Kijana yule nilimfuata kwao nikamuomba msamaha. Akaniambia, yamekwisha sheikh. Mama alipelekewa chakula chake, lakini mwanawe mpaka leo anaswali msikiti mwingine.

Kesho baada ya alasiri tunaandikisha futari ya kumi la mwisho. Maswali ni manne na yameandikwa: jina, nyumba, idadi ya watu, na kama kuna mgonjwa au mzee. Kila mtu atasomewa hayo hayo, hata kama ni shemeji yako. Anayekuja apewe kiti kwanza. Simu za wanaoandikisha zitakaa kwenye kikapu kwa muadhini. Hakuna wa kukataliwa na mtu mmoja: wakae wawili, sababu iandikwe, wote wasaini. Waliojitolea wafike kabla ya adhana tuyasome maswali pamoja.

Swaumu maqbul.