Kiharusi Kinapouvuruga Moyo: Kwa Anayemuuguza Mgonjwa

Mtu akipigwa na kiharusi, ndugu huangalia mkono uliolegea, mdomo uliopinda na maneno yasiyotoka. Lipo dhara jingine ambalo macho hayalioni. Ubongo ulioumia unaweza kuvuruga mwendo wa moyo, hata wa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo, na siku tatu za mwanzo ndizo za kuangaliwa sana. Anayekaa kando ya kitanda anapaswa kulijua hili.

Nani anauongoza moyo?

Moyo una chanzo chake cha umeme, na unaweza kupiga bila amri ya ubongo. Watu waliopandikizwa moyo wanatuonyesha hivyo. Upandikizaji wa kwanza ulifanywa na Christiaan Barnard katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, Desemba 1967. Moyo unapohamishwa, neva zake hukatwa, na kwa kawaida hupiga mara 90 hadi 110 kwa dakika hata mtu akiwa amepumzika. Moyo wenye neva zake hupiga mara 60 hadi 100, kwa wengi karibu na 70, kwa kuwa neva ya vagasi, inayoteremka kutoka shina la ubongo kupitia shingoni, huupunguza kasi. Neva za simpathetiki, zinazotoka kwenye uti wa mgongo, huuongezea kasi tunapokimbia, tunaposhtuka au tunapokasirika.

Neva hizi hupokea maagizo kutoka shina la ubongo, nalo huongozwa na sehemu zilizo juu yake. Mojawapo ni insula, iliyojificha ndani ya mkunjo ubavuni mwa ubongo. Mwaka 1992, Stephen Oppenheimer na wenzake nchini Kanada waliripoti kwamba walipoisisimua insula kwa umeme kwa wagonjwa wa kifafa, mapigo ya moyo yalibadilika: upande wa kulia mara nyingi yalipanda, upande wa kushoto yalishuka. Insula hupata damu kutoka mshipa mkubwa wa kati wa ubongo, na huo ndio mshipa unaoziba mara nyingi katika kiharusi. Kwa hiyo tatizo linalomnyima mtu nguvu za mkono linaweza pia kuupotezea moyo mwongozo.

Siku za mwanzo

Ubongo ukiumia, neva za simpathetiki huweza kufanya kazi kupita kiasi na homoni kama adrenalini kumwagika kwa wingi. Moyo huenda mbio, huruka mapigo au hupungua kasi mno. Kipimo cha umeme wa moyo hubadilika, na wakati mwingine damu huonyesha kuwa misuli ya moyo imeumia ingawa mishipa yake haijaziba. Wagonjwa wengine hufariki ghafla kwa sababu hii. Waya zinazobandikwa kifuani wodini ni za kuwahi mabadiliko hayo. Msizing'oe kwa kumwonea mgonjwa huruma.

Baadhi ya familia, zikiona moyo unaenda mbio usiku, husema ni upepo mbaya na kumtoa mgonjwa hospitali ili apelekwe kwa mganga. Tunawasihi msifanye hivyo. Mnamnyima uangalizi katika siku anazouhitaji kuliko zote.

Daktari atatafuta pia mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Huo huweza kuwa ndio uliosababisha kiharusi, maana damu inayozubaa ndani ya moyo huganda, na donge likapanda hadi ubongoni. Mtu mwenye mpapatiko huo ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya asiye nao. Mara nyingine hugunduliwa baada ya kiharusi kutokea, na si rahisi kusema kipi kilitangulia. Kwa vyovyote, dawa ya kuzuia damu kuganda isikatizwe bila ruhusa ya daktari.

Kupima mapigo

Mgonjwa apumzike dakika tano. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba chake. Usitumie gumba lako, kwani lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 na kuzidisha. Moyo usio na mpangilio utakudanganya. Andika namba, tarehe na saa daftarini.

Mapigo kuongezeka kidogo anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa ni kawaida, hasa kwa vijana. Yakiwa yanakwenda ovyo bila utaratibu wowote, au yakizidi 100 mgonjwa akiwa ametulia, mwone daktari. Yakishuka chini ya 50 naye ana kizunguzungu, amezimia, anapumua kwa shida au kifua kinamuuma, mpelekeni hospitali mara moja. Dawa kama atenolol hupunguza mapigo, kwa hiyo mtajieni daktari dawa zote anazotumia.

Kuinuka kitandani na kwenda chooni

Mtu akisimama, damu huteremka miguuni. Kwa kawaida ubongo huulegeza mkono wa vagasi papo hapo, moyo ukaongeza kasi na mishipa ikajikaza. Baada ya kiharusi jibu hilo huweza kuchelewa, mgonjwa akaona giza na kuanguka. Mketisheni kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache, miguu ikining'inia, ndipo asimame akiwa ameshikwa.

Choo cha kuchuchumaa kinahitaji uangalifu zaidi. Kujikamua kwa nguvu huweza kushusha presha na mapigo kwa ghafla, na kuinuka haraka kukaongeza tatizo. Tafuteni kiti chenye tundu. Ili asilazimike kujikamua, mpeni mboga za majani na mapapai, na maji ya kutosha, mradi amepimwa na kuonekana anameza bila kupaliwa. Daftari la mapigo liende naye kliniki kila anapokwenda.