Kijana Aliyenakili Nyimbo kwa Mbalamwezi

Watoto wengi, wakisikia ya kuwa mwenzao amekubaliwa kuingia shule ya juu ili ajifunze muziki, husema, "Ana bahati, maana amezaliwa na sauti nzuri." Ni kweli, sauti nzuri ni kipawa kikubwa. Lakini kipawa peke yake ni kama mbegu iliyowekwa ghalani: haioti mpaka ipandwe shambani na kupaliliwa. Habari za kijana mmoja wa Ujerumani, jina lake Johann Sebastian Bach, zaonyesha wazi jambo hili.

Bach alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa mji, na wengi wa jamaa zake walifanya kazi iyo hiyo. Mwaka 1694 mama yake alifariki, na mapema mwaka 1695 baba yake naye akafa. Hivyo mtoto akawa yatima kabla hajatimiza miaka 10. Ndugu yake mkubwa, Johann Christoph, akamchukua akae naye katika mji mdogo wa Ohrdruf. Huyo ndugu alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, naye akaanza kumfundisha mdogo wake.

Mtoto aliyashika upesi masomo aliyopewa, akatamani magumu zaidi. Ndugu yake alikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa mkono, chenye nyimbo za mabingwa wa kinanda wa siku zile. Mtoto alikiomba mara nyingi, asipewe. Kitabu kilifungiwa katika kabati lenye mlango wa wavu. Basi usiku, watu walipokwisha lala, alipenyeza mkono wake mdogo katika matundu ya wavu, akakikunja kitabu kile, kwa kuwa jalada lake lilikuwa la karatasi tu, akakitoa. Hakuwa na taa, kwa hiyo alinakili kwa mbalamwezi. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Alipoimaliza, ndugu yake akavumbua habari, akamnyang'anya nakala yote bila huruma.

Habari hii ilichapwa mwaka 1754, miaka minne baada ya kufa kwake Bach, katika maelezo ya maisha yake yaliyoandikwa na mwanawe pamoja na mwanafunzi wake mmoja. Kuchukua kitu alichokatazwa halikuwa jambo jema, wala lisiigwe. Lakini ni vema kufikiri: ndugu yake alimnyang'anya nini? Alimnyang'anya karatasi tu. Yale yaliyokwisha ingia kichwani hakuweza kuyachukua. Maana mtu anakilipo wimbo, noti kwa noti, huona jinsi sauti ya chini inavyoibeba sauti ya juu, mahali zinapoachana, na mahali zinapokutana tena. Mtungaji humfundisha kimya kimya, ijapokuwa hayuko.

Mwaka 1700 Bach alikosa msaada wa chakula na malazi huko Ohrdruf, hata hakuweza kuendelea na shule. Lakini katika mji wa Lüneburg, upande wa kaskazini, palikuwa na shule ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Shule hiyo ilipokea wavulana maskini wenye sauti nzuri waimbe katika kwaya, na badala yake walipewa masomo na chakula. Bach akafunga safari pamoja na rafiki yake Georg Erdmann, mwendo wa maili 200 hivi. Wakati huo umri wake ulikuwa miaka 15. Alikuwa na sauti ya kwanza iliyo nzuri sana, akapokewa.

Hata siku moja, alipokuwa akiimba katika kwaya, likatokea jambo la ajabu. Pamoja na sauti yake ya juu ilisikika sauti nyingine ya chini, kama mtu aimbaye do ya juu na do ya chini kwa wakati mmoja. Kwa siku nane hakuweza kusema wala kuimba ila kwa sauti hizo mbili. Kisha sauti ya kwanza ikamtoka, isirudi tena.

Basi hapo ndipo lilipoonekana jambo kubwa. Sauti ndiyo iliyomfungulia mlango wa shule, na sasa sauti imevunjika. Kijana asiyekuwa na kitu kingine ila sauti angalisimama mikono mitupu. Lakini Bach aliweza kusoma muziki, kuuandika na kuupiga, kwa hiyo aliendelea kukaa Lüneburg na kujifunza.

Hata leo ushahidi wa juhudi yake upo. Mwaka 2006 ilitangazwa ya kuwa katika maktaba moja ya mji wa Weimar zimeonekana karatasi alizoziandika Bach kwa mkono wake alipokuwa kijana. Hazikuandikwa kwa noti juu ya mistari mitano, bali kwa herufi za alfabeti. Hiyo ilikuwa desturi ya wapiga kinanda wa nchi ile, tena ilipunguza matumizi ya karatasi. Mojawapo ni nakala ya wimbo mrefu na mgumu wa Johann Adam Reinken, mpiga kinanda wa Hamburg. Mwisho wake Bach ameandika ya kuwa aliunakili kwa Georg Böhm, huko Lüneburg, mwaka 1700. Huyo Böhm alikuwa mpiga kinanda wa kanisa jingine la mji uo huo. Basi mwaka ule ule alioingia shule, hakungoja kufundishwa darasani tu. Alimtafuta bingwa, akanakili.

Wala hakutosheka na kusoma kwa macho. Mara kwa mara alisafiri kutoka Lüneburg mpaka Hamburg, mwendo wa maili 30 hivi, ili amsikie Reinken mwenyewe akipiga kinanda. Mwaka 1703, umri wake ulipokuwa miaka 18, aliitwa katika mji wa Arnstadt akijaribu kinanda kipya cha kanisa na kusema kama kimetengenezwa vema. Kisha akapewa kazi ya kukipiga.

Mwanafunzi atakaye kujifunza muziki katika shule ya juu aweza kujiweka tayari kwa njia izo hizo, hata kama hana kinanda nyumbani. Mambo yenyewe ni matatu.

La kwanza ni masikio. Kwaya inapoimba, na achague sauti moja, kama vile sauti ya nne, aifuate tangu mwanzo hata mwisho bila kuvutwa na nyingine. Tena na ajizoeze kuimba kutoka do mpaka sol, na kutoka do mpaka la, mpaka aweze kuutambua mwachano wa sauti mara azisikiapo.

La pili ni macho. Wengi huimba kwa kukariri, wakishika kitabu kama pambo. Lakini mtihani wa shule ya juu huweza kumletea mtu wimbo asiopata kuusikia, akaambiwa auimbe. Aliyezoea kuandika nyimbo kwa herufi d, r, m na ajifunze pia noti za mistari mitano, maana vitabu vingi vya muziki vimeandikwa hivyo.

La tatu ni mkono. Na asikilize mstari mmoja wa wimbo, auandike kama aandikavyo imla, kisha aulinganishe na kitabu. Palipo na kosa, pasifutwe upesi. Kwanza aimbe alivyoandika, kisha aimbe ilivyo katika kitabu, apate kusikia tofauti. Robo ya saa kila siku yafaa kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi. Wahenga walisema: Haba na haba hujaza kibaba.

Sauti ya mtoto ni kitu cha kupewa, na siku yake ikifika huvunjika bila kuuliza ruhusa. Lakini masikio yaliyozoezwa, macho yasomayo, na mkono uandikao havivunjiki siku hiyo. Na ajitahidi kupata hivyo sasa, kabla mlango wa shule haujafunguliwa.

MASWALI

1. Kwa nini Bach alinakili usiku, na kwa nini alitumia mwanga wa mwezi?
2. Ndugu yake alimnyang'anya nini, na ni kitu gani asichoweza kumnyang'anya?
3. Ni jambo gani lililompata Bach katika kwaya ya Lüneburg?
4. Taja mambo matatu yampasayo mwanafunzi wa muziki, na ueleze zoezi moja la kila jambo.